Karatasi ya kiwandani ndani ya gari la zamani: namna ya kuitafuta bila kuichana, na kuitunza isiharibike

Kabla ya kupeleka siti za gari la zamani kwa fundi, zigeuze uzichungulie kwa chini. Kabla ya kufyonza vumbi chini ya kapeti, inua kapeti kwa mkono uangalie. Karatasi nyingi za kiwandani hupotea siku ya kwanza ya ukarabati, pale gari linapovuliwa haraka na kila kilichochakaa kikaenda jalalani.

Mwongozo huu unahusu hasa magari ya Marekani ya miaka ya 1960 na 1970: Chevrolet, Pontiac, Dodge, Plymouth na wenzao. Kila gari lililopita kwenye mstari wa kuunganishia lilikuwa na karatasi ya maagizo iliyomweleza mfanyakazi afunge injini gani, giaboksi gani, siti za rangi gani, redio au isiwepo. Tutaiita karatasi ya kuundia. Ilichapwa nakala kadhaa zikagawiwa vituo mbalimbali, ndiyo maana gari moja linaweza kuwa na mbili au tatu, na lingine lisiwe na hata moja. Mnunuzi hakukusudiwa kuiona. Mfanyakazi aliyemaliza kazi yake aliitupa, au aliiacha pale pale: ndani ya springi za siti, chini ya kapeti, juu ya tangi la mafuta.

Thamani yake inaonekana vizuri kwenye Chevrolet Camaro ya 1969. Namba ya chasisi ya gari hilo inakuambia kama lilitoka na injini ya V8 au ya silinda sita, basi. Haisemi kama ni Z28, lile toleo la nguvu zaidi linalotafutwa na wengi. Kibati cha bodi (bati dogo la misimbo lililofungwa kiwandani) cha nyingi zilizotoka kiwanda cha Norwood, Ohio, kina alama kama X77 au X33 zinazoashiria Z28, lakini za Van Nuys, California, hazina alama hizo. Mwenye gari la Van Nuys hategemei kibati, anategemea karatasi. Chrysler walikuwa wazi zaidi: kwa modeli za 1970 na 1971, herufi ya tano ya namba ya chasisi ikiwa R, gari lilizaliwa na Hemi, injini yao ya nguvu ya inchi za ujazo 426. Hata hapo, karatasi ndiyo inayokupa orodha nzima ya vilivyofungwa.

Kwanza, jua kama kumbukumbu zipo kwingine

Fanya hili kabla ya kufungua bolti yoyote, kwa sababu linaamua unatafuta kwa bidii kiasi gani.

Kwa Ford, Mercury na Lincoln za modeli ya 1967 na kuendelea zilizouzwa Marekani na Kanada, kampuni ya Marti Auto Works ina leseni ya kutumia data ya uzalishaji ya Ford na hutoa ripoti ya gari moja moja kwa namba ya chasisi. Kwa Pontiac, PHS (Pontiac Historic Services) wana nyaraka za ankara za kiwanda kuanzia 1961. Magari ya General Motors yaliyoundwa au kuuzwa Kanada yana huduma yake huko huko. Chrysler wana kadi za uundaji za magari ya zamani hadi modeli ya 1967.

Chevrolet ya Marekani ya miaka hiyo, pamoja na Dodge na Plymouth za kuanzia 1968, haina dirisha kama hilo la kubisha. Kilichomo ndani ya gari ndicho kilichopo. Mwenye gari la namna hii asikubali sehemu yoyote ivuliwe yeye hayupo.

Vifaa vya kuandaa

Tochi yenye mwanga mweupe, kioo kidogo chenye mpini, simu yenye kamera nzuri, spana za inchi (nusu inchi, 7/16 na 9/16 zitafungua sehemu kubwa), koleo la kukatia waya, spatula nyembamba ya plastiki, karatasi ngumu safi kubwa kuliko A3 ya kubebea, mifuko ya polyester, na glavu za nitrile. Ongeza barakoa ya N95 au bora zaidi. Barakoa si pambo: siti za magari yaliyolala ghalani Marekani mara nyingi zina viota vya panya, na kinyesi chake kikavu kinaweza kubeba virusi vya hanta, ugonjwa wa mapafu unaoua. Fungua milango yote nusu saa kabla ya kuingia. Usifagie kiota kikavu wala usikifyonze. Kiloweshe kwa maji yenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa kumi za maji, usubiri dakika tano, kisha ukiokote kwa glavu. Jiki isiguse karatasi. Ikiwa kiota chenyewe kimetengenezwa kwa vipande vya karatasi, piga picha na uviondoe vipande kimoja kimoja kabla ya kunyunyiza chochote. Vipande vya karatasi ya kuundia vimewahi kuunganishwa tena vikasomeka, mradi vilikusanywa vyote.

Utafutaji wenyewe

Fuata mpangilio wa kutoka pakavu kwenda pachafu.

*Sanduku la dashibodi na vitabu.* Hapa hutafuti karatasi ya kuundia bali nyaraka za mteja: kitabu cha mwenye gari, kijitabu cha dhamana, risiti za wakala, na kibandiko cha bei cha dirishani, ambacho sheria ya Marekani ya 1958 ililazimisha kila gari jipya liwe nacho. Kwa magari ya General Motors ya 1965 hadi 1972, angalia ndani ya kijitabu cha dhamana kama kuna kibati kidogo cha chuma, Protect-O-Plate. Maandishi yake yamegeuzwa kinyume kwa sababu kilitumika kama muhuri kwenye mashine ya wakala. Yasome kwa kioo. Toa sanduku lenyewe pia. Karatasi huanguka nyuma yake zikakaa juu ya mifereji ya hewa.

*Siti ya nyuma.* Hapa ndipo karatasi nyingi zimepatikana. Sehemu ya kukalia kwa kawaida haina bolti, imeshikwa na ndoana za waya kwa mbele. Weka goti kwenye ukingo wa mbele, sukuma kuelekea nyuma ya gari, halafu inua. Inua kidogo tu, sentimeta kumi, uchungulie kwanza kwa tochi. Ukiing'oa kwa nguvu, springi yenye kutu itaichana karatasi iliyonasa. Sehemu ya kuegemea ina bolti chini, kila upande. Zikitoka, isukume juu itoke kwenye ndoana zake.

Lalisha siti kifudifudi juu ya shuka safi. Angalia kati ya springi na kile kitambaa cha gunia kilicho juu yake. Karatasi huwa imekunjwa mara mbili au nne, rangi ya chai, na ni rahisi kuidhania kipande cha gunia. Wakati mwingine imefungwa kwenye springi kwa pete ya waya. Kata pete, usivute karatasi. Pete hiyo itunze pamoja na karatasi, kwa sababu tundu lake na kutu yake ni ushahidi.

*Siti za mbele.* Utaratibu ni ule ule. Kwa magari mengi ya Chrysler nati zake ziko chini ya sakafu, kwa nje, na huwa zimeoza. Ziloweshe mafuta ya kulegezea usiku mmoja kabla. Kama huoni kitu kwa chini, karatasi inaweza kuwa imo kati ya sponji na kitambaa cha juu. Hapo mwambie fundi wa siti, kwa maandishi, kwamba kitambaa hakivuliwi mpaka uwepo.

*Kapeti.* Hapa papo hatarini zaidi kuliko kote. Juti iliyo chini ya kapeti hunywa maji na kuyashika, na sakafu ina vipande vya lami ya kuzuia kelele. Karatasi iliyokaa miaka hamsini kati ya hivyo viwili huwa imeganda. Usitumie hita ya kupuliza: lami itayeyuka ipenye ndani ya karatasi, na hakuna dawa ya kuitoa bila kuondoa wino. Ikiwa karatasi imeshikana na juti, kata juti kuizunguka, ukiacha sentimeta tano kila upande, uibebe yote kama kipande kimoja. Kutenganisha ni kazi ya mezani.

*Milango, dashibodi, dari.* Nyuma ya paneli za milango, juu ya mrundikano wa nyaya nyuma ya dashibodi, na juu ya kitambaa cha dari kama kitavuliwa. Usivue dari nzuri kwa ajili ya kutafuta karatasi; ingiza kamera nyembamba ya waya kupitia tundu la taa ya ndani.

*Tangi la mafuta.* Liache la mwisho. Chomoa betri kwanza, toa petroli yote, fanya kazi nje au penye hewa nyingi, usitumie taa ya balbu inayopata moto. Weka jeki chini ya tangi ikiwa na ubao mpana, legeza mikanda, shusha sentimeta kumi hadi kumi na tano, simama. Ingiza kioo au simu uangalie sehemu ya juu, upige picha. Karatasi iliyobanwa kati ya tangi na bodi huteleza na kuchanika tangi linaposhuka upande mmoja.

Corvette, gari la michezo la Chevrolet, ni habari yake. Kuanzia modeli ya 1967 hadi 1982, nakala ya karatasi ya kuundia ilibandikwa kwa gundi juu ya tangi. Petroli iliyomwagika wakati wa kujaza ndiyo adui yake, kwa hiyo sehemu iliyo karibu na mdomo wa tangi huwa ndiyo iliyofutika. Ukiikuta, usiibandue. Gundi ina nguvu kuliko karatasi. Kama tangi ni zima, ifunike kwa kipande cha polyester kilichoshikwa pembeni, mbali na karatasi, urudishe tangi. Kama tangi limeoza na lazima libadilishwe, hifadhi tangi kuukuu zima mpaka mhifadhi wa nyaraka mwenye ujuzi aione.

Kuitoa ilipo

Mahali ilipolala karatasi ni nusu ya ushahidi wake. Springi huacha alama za kutu zenye mpangilio wake, gunia huacha nyuzi, bati la tangi huacha mistari. Ukiiondoa bila picha, umebaki na karatasi tu, na karatasi tu mtu yeyote anaweza kuichapa.

Piga picha nne angalau: gari zima likiwa na namba ya usajili au kibati cha chasisi, sehemu uliyofungua, karatasi ikiwa mahali pake pamoja na rula, na karatasi ikiwa nusu imetoka. Kisha pitisha karatasi ngumu chini yake uibebe kama trei. Usiikunjue. Karatasi hizi ni za bei rahisi, za mbao zilizosagwa, na lignini (kemikali ya asili ya mbao) iliyomo huigeuza kuwa kahawia na kavu kama jani. Kutu nayo huharakisha kuoza kwa nyuzi zake. Mkunjo ukifunguliwa ukiwa mkavu huvunjika kwenye mstari ule ule, na mara nyingi mstari huo unapita katikati ya namba.

Ikiwa imelowa maji, una kama siku mbili kabla ukungu haujaanza. Ukishindwa kuishughulikia ndani ya muda huo, iweke kati ya karatasi mbili za nta, ndani ya mfuko, kwenye friza. Ikiwa imelowa petroli, usiipeleke kwenye friza la nyumbani. Iache nje, kivulini, mpaka harufu iishe.

Kusafisha, halafu kulainisha

Mpangilio huu hauna mjadala: vumbi kwanza, unyevu baadaye. Uchafu ukipata unyevu hupenya ndani ya nyuzi na kubaki humo.

Safisha kwa brashi laini ya manyoya, ukitoka katikati kwenda pembeni. Sponji kavu ya mpira ya kufutia masizi inafaa kwa sehemu zilizo imara. Ibonyeze na kuinyanyua, usisugue. Alama za chaki ya nta au kalamu za rangi ni za wakaguzi wa kiwandani. Ziache. Doa la kutu nalo liache: limao na asidi za kuondolea kutu hula karatasi, hula wino, na zinafuta ushahidi uliouhangaikia.

Jaribu wino kabla ya unyevu. Chukua pamba kwenye kijiti, ilowe kidogo kwa maji yaliyosafishwa, gusa nukta moja pembeni kwa sekunde tano. Wino ukihamia kwenye pamba, ishia hapo, kazi iliyobaki ni ya mtaalamu. Wino wa utepe wa mashine na wa kaboni kwa kawaida hustahimili. Mihuri ya zambarau mara nyingi haistahimili.

Kwa kulainisha, tumia sanduku la plastiki lenye kifuniko, kama sentimeta 60 kwa 40. Tandika chini taulo nyeupe iliyokamuliwa vizuri, weka juu yake wavu wa plastiki ulioinuliwa sentimeta tano, na juu ya wavu kitambaa cha polyester kisichofumwa, kisha karatasi. Karatasi isiguse maji hata tone. Bandika kinyonya wino kikavu (karatasi nene ya kunyonya unyevu) ndani ya kifuniko ili umande usidondoke. Funga. Angalia kila nusu saa. Baada ya saa mbili hadi nne mikunjo itakuwa laini na utaweza kuifungua kwa spatula bila kusikia mlio. Ukisikia mlio, rudisha.

Iweke kati ya vitambaa viwili vya polyester, nje yake vinyonya wino, nje yake ubao, juu kilo tatu hadi tano zilizosambaa sawasawa. Badilisha vinyonya wino baada ya nusu saa, baada ya saa mbili, na kesho yake. Iache wiki nzima. Wanaoitoa mapema huikuta imejikunja tena, kwa sababu ndani yake bado kulikuwa na unyevu.

Mpasuko hurekebishwa kwa ukanda wa karatasi ya Kijapani wenye upana wa milimita tano hadi kumi, uliochanwa kwa mkono badala ya kukatwa, na gundi ya wanga wa ngano, upande wa nyuma. Selotepu haifai kabisa: gundi yake huwa njano, huingia kwenye karatasi na kuiacha na doa lenye mafuta. Kulamineti ni kubaya zaidi. Moto na plastiki vikishaungana na karatasi, havitenganishwi.

Kuisoma na kuipima

Tafuta namba ya chasisi au sehemu yake. General Motors kuanzia modeli za 1965 na Chrysler kuanzia za 1966 walitumia namba yenye herufi na tarakimu 13. Ya 17 ilianza na modeli za 1981. Linganisha na kibati cha dashibodi, kibati cha bodi, na namba iliyogongwa kwenye injini na giaboksi. Kisha pitia misimbo. Kwenye karatasi ya Chrysler ya 1970, E74 ni Hemi, E87 ni injini ya inchi za ujazo 440 yenye kabureta tatu, D21 ni giaboksi ya gia nne, D32 ni otomatiki. Kisichokubaliana na gari lililo mbele yako kiandike, usikilazimishe.

Karatasi inaweza kuwa halisi na isiwe ya gari lako. Siti zilipangwa kwa foleni na mkono ukakosea, au siti ilibadilishwa miaka ya baadaye. Itunze kwa uangalifu ule ule. Kuna mtu mahali fulani anamiliki gari lake.

Za kughushi zipo nyingi, na vibati pia. Kwa lenzi ya mara kumi, chapa ya mashine ya kugonga huacha bonde kwenye karatasi. Chapa ya leza hukaa juu ikimetameta. Ya wino wa kurushwa huwa na vinukta vilivyotawanyika. Chini ya taa ya UV, karatasi nyingi za kisasa hung'aa buluu kwa sababu ya kemikali za kuongeza weupe, wakati karatasi duni ya mbao hubaki hafifu. Kung'aa peke yake hakutoshi kuhukumu, ila kunatosha kusimamisha malipo. Angalia pia kama madoa yanapita juu ya maandishi kwa mantiki: kutu ya springi iwe na umbo la springi.

Kunakili na kuhifadhi

Skani pande zote mbili kwa 600 dpi, rangi kamili, faili la TIFF, rula ikiwa pembeni. Tumia skana ya kulaza, kamwe ile inayovuta karatasi. Maandishi yaliyofifia jaribu kuyatazama kwa kutenga rangi za picha moja moja: nyekundu, kijani, buluu. Wino wa kaboni uliofunikwa na mafuta huonekana kwa kamera ya infraredi. Ukionyesha picha mtandaoni, ziba tarakimu za mwisho za namba ya chasisi, maana waghushi huchukua humo humo.

Karatasi yenyewe iingie kwenye mfuko wa polyester wenye unene wa mikroni 75 hadi 100, uliofunguka pande mbili, nyuma yake kadi yenye kalisi kaboneti ya kupooza asidi. Mfuko laini unaonukia plastiki mpya ni PVC. Utatoa asidi na kunyonya wino. Hifadhi gizani, nyuzi 18 hadi 20, unyevu wa asilimia 35 hadi 50. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, hilo linahitaji kasha linaloziba vizuri lenye silika jeli (vipunje vya kunyonya unyevu) na kipimo cha unyevu, na kuikausha silika jeli kila inapobadilika rangi. Kwenye maonyesho peleka nakala. Ndani ya gari kusibaki karatasi halisi yoyote, kwa sababu moto, maji na wizi huchukua vyote kwa pamoja.

Vibati vya chuma viache mahali pake. Usiving'arishe, usivipake rangi, na kile cha namba ya chasisi usiguse ribiti zake: kukiondoa kunaweza kuwa kosa la jinai Marekani, na hata pale sheria inaporuhusu, ribiti mpya hufanya gari zima litiliwe shaka.

Kwa wenye Land Rover

Ukanda wetu una Land Rover za Series nyingi kuliko Camaro, na hizo kwa kawaida hazifichi karatasi kwenye siti. Leja za kiwanda ziko British Motor Museum, Gaydon, Uingereza, nao hutoa cheti kwa namba ya chasisi kinachoonyesha tarehe ya kuundwa, ya kusafirishwa, na lilikopelekwa. Utaombwa picha ya kibati na uthibitisho wa umiliki. Magari yaliyosafirishwa vipande vipande na kuunganishwa huku yana maelezo machache zaidi, kwa hiyo logbook ya zamani, risiti za wakala na kadi za sevisi zilizosahaulika nyuma ya siti zishughulikie kwa brashi, sanduku la unyevu na mfuko wa polyester kama ilivyoelezwa hapo juu. Jalada la logbook lenye muhuri wa zambarau lisiingie kwenye sanduku la unyevu kabla ya jaribio la pamba.